UZI: Tusome maandishi ya misikiti na makaburi yetu kabla tailizi hazijayafunika

mwana_Bombo (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum wanajukwaa, na ndugu zetu wasio Waislamu hamjambo nyote. Uzi ni mrefu, chukueni chai kwanza.

Kuna msikiti mmoja huku Uganda, upande wa Luweero, jina silitaji maana sitaki kugombanisha watu, ulikuwa na jiwe la maandishi juu ya mlango wa kuingilia. Kamati ikapata mfadhili, mfadhili akataka nyumba ya Mungu ipendeze, mafundi wakaja wakapiga plasta na tailizi ukuta mzima mpaka juu na lile jiwe likabaki humo humo ndani. Hakuna aliyelipiga picha. Nimeuliza wazee wa pale, mmoja anasema lilikuwa na mwaka wa Kiarabu, mwingine anasema lilikuwa na jina la aliyetoa kiwanja, mwingine anaapa kabisa ilikuwa aya tu hakuna kingine. Na wote hao wamepita chini ya hilo jiwe kila Ijumaa tangu utoto.

Mimi hili linaniuma sana. Nadhani tunayapita kwa sababu hatujui yanasema nini, mtu akiona Kiarabu ukutani anasema mashaallah ni Kurani, anavua viatu anaingia. Kweli aya huwa ipo, na mara nyingi ni ile ile ya Sura Tawba, ya 18, ile ya wanaoimarisha misikiti ya Mwenyezi Mungu ni wale wanaomwamini Mungu na Siku ya Mwisho. Lakini baada ya aya ndo mambo yanaanza: nani kaamuru kujenga, mwana wa nani, cheo gani, saa nyingine na fundi, alafu mwisho mwezi na mwaka. Mpangilio huo haubadiliki sana, uende Cairo, uende Delhi, uje pwani yetu ya Afrika Mashariki, na ndio unaomwokoa msomaji, manake ukijua nini kinatakiwa kufuata, hata herufi zikiwa zimelika nusu unajua utafute nini pale.

Mfano wa karibu ni Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwenye kibla ya ule msikiti kuna maandishi ya khati ya Kufi, ile ya kale ya Kiarabu yenye herufi za pembe pembe, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ncha za herufi zinachipua majani na maua, na yanataja Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad, mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msomi mmoja Samuel Flury aliyachapisha yote 1922 akiwa na picha za kazi. Sasa ukienda pale leo usidhani ukuta wote unaouegemea ni wa 1107, msikiti ulijengwa upya karne ya 18 na kuna maandishi mengine pale pale yanayosema hivyo. Jiwe la zamani likaheshimiwa, likabaki kwenye nyumba mpya. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya jiwe lolote si "limeandikwa nini", ni "hili jiwe na huu ukuta vimekutana lini".

Naendelea chini, ila mwenye swali aulize tu asisubiri.

Kijana_wa_Mbale

Waalaykum salaam kaka. Mimi nasoma historia hapa Mbale na nakubali mia kwa mia, ila swali, huku Uganda tuna nini cha kusoma? Uislamu Buganda umeingia kwa wafanyabiashara wa pwani, Ahmed bin Ibrahim anatajwa kufika kwa Kabaka Suna 1844, alafu Mutesa wa kwanza akafunga Ramadhani kuanzia 1867 kama miaka kumi hivi, akajifunza Kiarabu na Kiswahili. Lakini misikiti ya wakati huo ilikuwa ya miti na matete na nyasi, hakuna jiwe hata moja. Wenzetu wa Zanzibar na Kilwa na Lamu wana matumbawe, sisi tuna matofali ya juzi.

mwana_Bombo

Ndugu yangu hapo ndo pa kuzungumza. Ni kweli hatuna cha 1107, na kile kibla cha matete alichoswalia Mutesa hakitarudi. Ila angalia maana yake ni nini, maana yake kila tulichoandika kwenye jiwe au simenti ni cha miaka mia na kitu hivi, na watu wanaoweza kusema "huyu aliyetajwa alikuwa mume wa shangazi yangu" bado wapo hai. Kule Gede, Kenya, kuna kaburi lina tarehe 802 Hijria, ni 1399, jiwe zuri sana lakini hakuna mtu duniani anayeweza kukaa nawe mkekani akakwambia marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Sisi hilo tunalo. Likipita hili rika la wazee tutabaki na mawe matupu, na kwa kasi hii ya tailizi hata mawe hatutakuwa nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na usihesabu misikiti peke yake. Kuna makaburi ya wazee wa Kinubi, kuna makaburi ya ukoo wa Kiislamu wa Mengo na Kibuli na Butambala, kuna majengo ya Wahindi mjini yenye majina na miaka juu kabisa kwenye paji la nyumba.

Jinja_Moja

Hapo kwenye Wahindi naungana nawe. Huku Jinja Main Street nyanyua macho tu, nyumba nyingi za zamani zina jina la mwenyewe na mwaka juu kwa simenti iliyosimama. Wenyewe waliondolewa 1972 kwa amri ya Amin, siku tisini tu, wakaacha maduka, wakaacha nyumba za ibada. Mtu anaweza kubadilisha hati ya nyumba lakini ile simenti ya juu watu wengi hawakuhangaika kuibomoa, ilikuwa mbali na ngazi hawana. Sa hivi wanapaka rangi juu ya rangi, herufi zinajaa. Na mabango ya simu yanazifunika.

mwana_Bombo

Shukran Jinja_Moja. Hiyo ya jina kubaki na mwenyewe kuondoka, au mwenyewe kubaki na jina kuondolewa, ni kisa cha zamani mno. Ngoja niwape kile maarufu kuliko vyote.

Qubbat as-Sakhra, yaani Kuba la Mwamba, kule Baitul Maqdis (Yerusalemu). Ndani, juu ya nguzo, umezunguka mstari wa maandishi ya mosaiki wa kama mita 240. Mahali pa jina la aliyejenga pameandikwa al-Ma'mun, khalifa wa Kiabbasi. Mwaka ulioandikwa pale pale ni 72 Hijria, ni 691 au 692. Sasa Ma'mun katawala kuanzia 813 mpaka 833, mwaka 72 hata babu yake hajazaliwa! Aliyejenga ni Abd al-Malik bin Marwan wa Bani Umayya, ukoo uliotawala kabla ya Waabbasi. Mafundi wa Ma'mun walitoa jina la Abd al-Malik wakaweka la bosi wao, ila nafasi ilikuwa ndogo kwa jina jipya ikabidi herufi zibanwe, na mwaka hawakuugusa. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye msomaji makini anasimama chini, anasoma jina, anasoma tarehe, anaona haviendani, anatazama tena anaona herufi zimebanana mahali pamoja tu. Jengo lenyewe ndo likatoa ushahidi.

Ndo maana nasema tusome kila kitu, tusiishie kwenye jina. Hata Msikiti wa Taifa wetu pale Old Kampala, ulianza enzi za Amin miaka ya 70, ukakaa gofu miaka mingi, ukamaliziwa kwa fedha za Libya, ukaitwa kwa jina la Gaddafi, leo unaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Mtu wa baadaye akikuta kibao kimoja tu kati ya hivyo atasema historia nusu, na atakuwa hajadanganya.

Abu_Swafiya

Ndugu yangu, niseme kwa heshima. Hadithi ya Jabir radhiyallahu anhu inakataza kujengea makaburi na kuyapaka chokaa, na katika riwaya ya Tirmidhi kuyaandikia pia. Wewe unatuhimiza tuyatukuze makaburi ya wazee?

mwana_Bombo

Sheikh wangu umesema haki na hadithi naijua, sibishani nayo. Mimi simwambii mtu aandike kaburi jipya wala ajenge kuba. Nazungumzia lililokwisha andikwa na watu waliotangulia, lipo, tunalipita. Kulisoma na kulinakili kwenye daftari si kulitukuza. Na kwa upande wa misikiti nadhani hata wewe unakubali, yule aliyetoa ardhi yake kwa wakfu na jina lake likaandikwa, lile jiwe ni ushahidi wa wakfu. Siku jirani au mjukuu anakuja na hati ya ajabu anasema kiwanja ni chake, kamati inaenda kutafuta nini? Inatafuta karatasi ambayo mchwa wamekula zamani. Kumbe ushahidi ulikuwa juu ya mlango chini ya tailizi.

Abu_Swafiya

Kwa hilo la wakfu umenipata. Allah akulipe. Endelea.

mchonga_mawe

Mimi ni fundi, nachonga vibao vya makaburi na vya ufunguzi hapa Kampala, naongea kwa nilichokishika kwa mkono. Watu wakiona maandishi yamefifia wanakimbilia kuyasugua, nimeletewa mawe yamesuguliwa kwa brashi ya waya mpaka herufi zimetoka kabisa, mengine yamemwagiwa asidi ya kusafishia choo. Wengine wanasugua unga wa posho ili herufi zitokee nyeupe kwenye picha, unga unabaki kwenye vitundu, mvua ikija unaoza, unaleta kuvu na sisimizi. Chaki ile ile tu, inakaa, na ukifuata mstari kwa chaki umeshaamua wewe herufi ni ipi, anayekuja nyuma anaona ulichoamini wewe, jiwe lenyewe halioni tena.

Tumieni mwanga wa pembeni. Nenda asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, au nenda usiku na tochi, bandika tochi karibu na ukuta kabisa imulike kwa ubavu, si kwa mbele. Kila shimo linatupa kivuli chake. Piga picha tochi ikiwa kushoto, piga ikiwa kulia, piga ikiwa juu, piga ikiwa chini, simu isitikisike, iwekwe juu ya kitu. Herufi isiyoonekana kwenye picha ya kwanza utaikuta kwenye ya tatu. Weka rula ndani ya picha ili ukubwa ujulikane. Alafu rudi nyuma upige ukuta mzima ili mtu ajue jiwe liko wapi.

mwana_Bombo

Fundi nakushukuru sana, hii post yako mtu aisevu. Niongeze kimoja, zamani wasomi walikuwa wanabandika karatasi iliyolowa juu ya jiwe wanaipigapiga kwa brashi mpaka inaingia kwenye herufi, ikikauka wanaibandua na umbo lote limebaki kwenye karatasi. Max van Berchem, yule Mswisi aliyeanzisha kazi kubwa ya kukusanya maandishi ya Kiarabu ya majengo, na wenzake wa enzi hizo walifanya kazi kwa njia kama hizo pamoja na picha za vioo. Msijaribu kwenye mawe yetu tafadhali, matumbawe na plasta ya chokaa ni laini, maji na kupigapiga vinaondoka na ngozi ya juu. Simu na tochi zinatosha.

Sasa kusoma tarehe, hapa ndo wengi wanaangukia. Maandishi ya kale ya Kufi hayana nukta, na mwaka unaandikwa kwa maneno, kidogo kwanza kikubwa mwisho: moja moja, makumi, mamia. Bila nukta, saba na tisa za Kiarabu zinafanana kabisa. Sab' (saba) ni sin yenye meno matatu, yaani vile vimstari vifupi vinavyosimama juu ya herufi, na ba yenye jino moja alafu ayn. Tis' (tisa) ni ta yenye jino moja na sin yenye meno matatu alafu ayn. Ukihesabu, meno manne na ayn huku, meno manne na ayn kule! Sabini na tisini hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia msikiti fulani wa kale ni wa mwaka wenye saba au tisa ndani yake, muulize amejuaje. Jibu zuri ni jina la mtawala ambaye miaka yake inajulikana, au siku ya wiki, au jino moja lililoinuliwa juu kuliko mengine, maana wachongaji wengine walilirefusha kusudi kutofautisha.

Vya kwetu huku vya karne ya 20 vingi vinatumia tarakimu za Kiarabu, na huko shida ni 2 na 3 (٢ na ٣), tofauti yao ni kajino kamoja juu, kakilika tu umepoteza mwaka.

Kubadilisha kwenda miladi, yaani mwaka wa kizungu, kwa haraka, chukua mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97 ujumlishe 622. Mwaka 500 unapata 485, ongeza 622, ni 1107, Kizimkazi hiyo. Inakupa karibu tu, inaweza kukosea mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 na unaanza katikati ya mwaka wa kizungu. Na kuna tarehe zilizofichwa kwenye herufi, kila herufi ina thamani yake, alif 1, ba 2, mpaka ghayn 1000, washairi wanatunga mstari ambao ukijumlisha herufi unapata mwaka. Wale mnaoona 786 kwenye magari na maduka, ni hesabu hiyo hiyo, ni Bismillahi yote: bism 102, Allah 66, ar-Rahman 329, ar-Rahim 289. Jumlisheni wenyewe.

Hajat_K

Assalam alaykum wanangu. Nimewasoma wote toka juu. Mimi nina kaburi la babu yake mama yangu, kibao cha simenti, maandishi yamechorwa kwa kijiti simenti ikiwa mbichi. Mjukuu amepiga picha kwa tochi kama fundi alivyosema na imetoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Inasomeka: siku ya Ijumaa 16 Shaaban, mwaka 133 alafu tarakimu ya mwisho ni 2 au 3, pale pana ufa umepita. Nyumbani tunabishana miaka yote, kaka zangu wanasema ni 3.

mwana_Bombo

Waalaykum salaam Hajat, shikamoo. Mungu amrehemu mzee. Umebahatika kitu kimoja kikubwa, aliyeandika ameweka siku ya wiki.

Tuhesabu. Mwaka 1332 Hijria kwa kalenda ya hesabu umeanza Jumapili 30 Novemba 1913. Kutoka mosi Muharram mpaka 16 Shaaban ni siku 222, kwa hiyo unafika 10 Julai 1914, na hiyo ilikuwa Ijumaa. Mwaka 1333 umeanza Alhamisi 19 Novemba 1914, ongeza siku 222 unafika 29 Juni 1915, Jumanne. Kuonekana kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja mbele au nyuma, zamani kila mji uliangalia mwezi wake, lakini kutoka Jumanne mpaka Ijumaa ni mbali mno, mwezi hausogei hivyo. Kwa hiyo ni 1332. Mzee amefariki Ijumaa ya Julai 1914, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya kwanza kufika Afrika Mashariki.

Angalia kitu kimoja tu Hajat, kabla ya neno Ijumaa kuna neno "layla"? Kama lipo basi ni usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni baada ya magharibi kwa hesabu ya kizungu, manake siku yetu inaanza jua likizama. Mwaka haubadiliki lakini siku ya kalenda inarudi 9 Julai.

Hajat_K

Allahu akbar. Hakuna layla, kuna "yawm", siku. Mama yangu alikuwa anasema babu yake hakuiona vita, kaka zangu wakamkatalia kwa sababu ya hiyo 3 yao. Nimewasomea hii post kwa simu sasa hivi.

Kijana_wa_Mbale

Hii ni kubwa. Mwanzisha uzi, tukianza kukusanya huku tuandike vipi ili mwingine asipotee?

mwana_Bombo

Mstari kwa mstari kama ulivyo kwenye jiwe, usiunganishe mistari. Kinachosomeka wazi kiandike kawaida. Kilichopotea ambacho umekijaza kwa hoja kiweke kwenye mabano ya mraba. Kilichopotea na huwezi kukijaza weka nukta, usibuni. Kosa la mchongaji liache kama lilivyo, usimsahihishie Kiarabu chake, kwa sababu namna anavyokosea ndiyo inayokuonyesha alisomea kwa nani na lugha ya nyumbani kwake ni ipi. Tafsiri iwe ukurasa mwingine. Alafu chini andika nani alikusimulia kuhusu huyo mtu, kwa ruhusa yake, na siku uliyopiga picha.

Kwa hiyo ya Hajat mwaka utaandikwa 133[2], na chini yake hoja: Ijumaa, 16 Shaaban. Akija mtu na hoja bora ataona pa kuanzia.

Na kwa wajumbe wa kamati za misikiti mnaosoma hapa, hatuwakatazi kutengeneza, msikiti unaovuja hauswaliki. Mwambieni fundi aache dirisha la mraba kuzunguka jiwe, tailizi ziishie pembeni yake, ni kazi ya kukata vipande vichache tu. Ikishindikana kabisa pigeni picha kwanza, mzitume hapa.

mchonga_mawe

Kukata tailizi kuzunguka jiwe ni kazi ya nusu saa, fundi asiwadanganye bei. Na simenti isigusane na jiwe lenyewe, acheni upenyo wa kidole.

Hajat_K

Kuna mistari miwili ya chini bado haijasomeka, imejaa ukoka na matope makavu. Tuutoe?

mchonga_mawe

Hajat matope makavu toa kwa kijiti cha mti na brashi laini ya rangi, taratibu, bila maji. Ukoka ulioingia kwenye ufa usiuvute, utang'oka na simenti. Ukate kwa mkasi usawa wa kibao, uache ufe wenyewe, alafu piga tena kwa tochi.